Mikono Juu ya Magoti

Muyinga, tarehe 12 Mei 2002

Kaka yangu Radjabu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya bati lako pale Musinzira. Umeamkaje? Kile kifua kimetulia, ama bado unakohoa moshi wa kuchomea nyaya za redio? Mwambie wifi yangu akuchemshie tangawizi, na asikusikilize ukikataa. Sisi huku tunakula, tunalala, tunaamka. Mtoto wetu Sefu yuko kazini Kobero, ametuma salamu. Mvua imeisha, vumbi limeanza. Alhamdulillahi.

Barua hii anakuletea Baguma, yule Mukongomani wa vitenge anayesali kwa sauti kwenye kila bariyeri mpaka askari wanacheka na kumpitisha. Mi nasema Mungu amsikie tu, hata kama tunamwita kila mtu kwa njia yake.

Ninakuandikia kwa sababu ya mashine. Usicheke, kaka.

Unamkumbuka yule muzungu wa visima, ambaye shemeji yako Chabani alimwendeshea gari kabla ya kurudi kwenye kamyo yake ya mizigo? Shirika lake limeondoka Muyinga. Siku ya kufunga mizigo alimletea Chabani ordinateri yake, ile kompyuta ya mezani, na pamoja nayo vola ya ndege. Ndiyo, vola. Ni kama usukani uliokatwa nusu. Unaufunga mezani kwa visi mbili za kukaza, na chini miguuni kuna vikanyagio. Ukiwasha, ekrani inaonyesha uwanja wa ndege, barabara yake, mawingu yake. Unavuta vola kifuani, ndege inapanda. Si ndege ya kweli, ni mchezo wa watu wazima. Muzungu alikuwa anarukia kwao kila jioni, amekaa kwenye kiti chake cha mianzi, amevaa kandambili.

Sasa mashine inaumwa. Chabani akiwa ameshika vola, ndege inakwenda sawasawa kabisa. Akiachia, hata kwa kujikuna pua tu, inalalia kulia, inainamisha pua, inaanguka. Mi si fundi, najua cherehani tu. We umefungua redio zote za Gitega, huwezi kukosa dawa.

Chabani mwenyewe hajambo, anakusalimia. Unajua, tangu mwezi wa kumi, kamyo yake ilipoviziwa njia ya Karuzi na kupinduka, na Mungu kumchukua Hamissi, mwenzake wa safari zote, anapumzika nyumbani. Mashine hii inamfurahisha. Ndiyo maana nakusumbua.

Dada yako,
Aisha

*

Gitega, tarehe 21 Mei 2002

Aisha mdogo wangu,

Nimepokea barua yako ikinuka samaki mkavu, maana Baguma aliiweka mfuko mmoja na chakula chake. Hata hivyo nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa wifi yako, akacheka mpaka akakaa chini. Eti Chabani anarusha ndege! Mtu ambaye kwenye harusi yenu aliogopa kupanda ngazi kufunga taa!

Nisamehe kuchelewa. Alhamisi sikufungua kibanda, tulikuwa na maiti, mzee Houssein wa msumeno. Hapa mtaani tumebaki watatu tu tunaojua kuosha wanaume, na wawili ni wazee kuliko mimi. Bega linaniuma kwa kumgeuza. Mungu amrehemu. Zaidi sisemi. Kinachoonekana pale kinabaki pale.

Sasa mashine. Nilikwenda kumuuliza Gédéon, yule anayepigia watu barua kwa ordinateri karibu na soko. Akanieleza, nikafurahi, maana ni jambo ninalolijua. Ndani ya vola hiyo kuna vizungusho viwili, ndugu kabisa na kile cha kuongezea sauti kwenye redio. Kimoja kinasikiliza kushoto na kulia, kingine kinasikiliza kuvuta na kusukuma. We unajua redio ya zamani, ukigusa sauti inakwaruza, krrr, krrr? Ni uchafu. Basi na vola ni hivyo hivyo.

Chabani afungue visi za chini. Achukue spiriti ya duka la dawa, adondoshe matone mawili kwenye kila kizungusho, akizungushe mara ishirini. Spiriti ya kusafishia, Aisha, isije ikasemekana kwa jirani kwamba fundi Radjabu anaagiza pombe kwa dada yake.

Akimaliza, lazima aifundishe mashine upya. Gédéon anaita kalibraje. Mashine haijui katikati iko wapi mpaka uionyeshe. Kuna ukurasa wake kwenye ekrani. Kwanza itamwambia: weka vola katikati, bonyeza. Kisha: zungusha mpaka mwisho pande zote, bonyeza. Halafu tena katikati, bonyeza. Vikanyagio navyo vivyo hivyo. Basi, itapona.

Msalimie huyo rubani. Mwambie asipite juu ya nyumba yangu, bati limeoza.

Kaka yako,
Radjabu

*

Muyinga, tarehe 4 Juni 2002

Kaka yangu Radjabu,

Nakusalimu kwa salamu ya amani, na bega lako Mungu aliponye. Mzee Houssein alinitengenezea kitanda changu cha ndoa, kumbe ametangulia. Tumemsomea Fatiha.

Tumefanya yote. Chabani alifungua, mi nikashika taa ya mfukoni, tukaweka spiriti. Chumba kilinuka mpaka jirani Pétronille akachungulia, "Mama Sefu, mmefungua hospitali?" Nikamwambia tunaitibu ndege, akaondoka bila kuuliza tena, nadhani anatuombea mpaka leo. Kisha Chabani akafungua ule ukurasa, akaweka katikati, akabonyeza, akazungusha, akabonyeza, katikati tena, akabonyeza. Nilikuwa jikoni lakini nilimsikia akihesabu.

Bado inaanguka, kaka. Kulia, pua chini, vile vile. Siku tatu amerudia kalibraje, labda mara kumi, na kila mara ni vile vile.

Sasa nikwambie jambo. Nilikuandikia kwamba mashine inamfurahisha. Nilificha. Sikutaka barua yangu ikupe uzito, na Baguma anapenda kusoma bahasha zisizofungwa vizuri. Chabani anakaa pale tangu umeme unaporudi asubuhi mpaka unapokatika. Hashuki. Hatui. Anaruka tu, mikono yote miwili juu ya vola, macho mbele. Chakula namlisha mi mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kama mama aliye na mtoto. Ukimwambia achia ule, anasema itaanguka. Na kweli inaanguka, nimeona kwa macho yangu, siwezi kumwambia anasema uongo.

Na sala, Radjabu. Mtu ambaye alikuwa anasimamisha kamyo njiani na kutandika mkeka kwenye majani. Sasa anasali amekaa, kwa macho, kama mgonjwa wa kitanda. Msikitini hajaingia tangu mwezi wa kumi. Wakimuulizia, nasema mgongo unamuuma.

Nikafikiri, kama mashine ikipona, ikiweza kwenda yenyewe hata dakika kumi, atapata kuinuka. Atatawadha. Atasujudu. Sitaki ndege, mi nataka hizo dakika kumi.

Ndiyo maana nakuomba, fikiri tena.

Aisha

*

Gitega, tarehe 15 Juni 2002

Aisha,

Kwa nini ulinificha, mtoto wa mama? Sisi tumelala kitanda kimoja utotoni, ukinipiga mateke. Mateke yako niliyavumilia, na hili ningelivumilia.

Siku nne hizi nimekaa kibandani, redio za watu zinaningoja, nafikiri vola ambayo sijawahi kuiona. Kama kizungusho kingekuwa kibovu, ndege ingetikisika, ingekwenda huku na huku. Yenu haitikisiki. Inaanguka upande mmoja, kila siku, kwa adabu. Huo si ugonjwa, hiyo ni amri. Mashine inatii. Mtu ameifundisha kwamba katikati iko mahali pengine.

Gédéon anasema vola hizo zina springi ndani. Ukiziachia zinarudi katikati zenyewe. Basi niangalizie jambo moja tu, na usimwambie Chabani kwamba unaangalia. Pale ekrani inaposema weka katikati, mikono yake iko wapi?

Nauliza kwa sababu nimewahi kupanda ile kamyo yake ya kijani. Unakumbuka ilivyokuwa inavuta kulia? Miaka kumi na mbili ameiendesha akiwa amekaza vola kushoto kidogo ili iende sawa. Kwa mikono ya Chabani, kushoto kidogo ndiyo sawa. Na kila shofere huvuta vola kifuani bila kujua. Kama ameishika hivyo wakati wa kuonyesha katikati, tangu siku ya kwanza alipoifunga mezani, basi mashine imeamini kwamba pale ndipo katikati. Akiachia, springi inairudisha kwenye katikati ya kweli, na mashine inasema, aa, bwana ametaka kulia, bwana ametaka chini. Inampeleka.

Angalia, uniandikie.

Radjabu

*

Muyinga, tarehe 27 Juni 2002

Kaka yangu mpenzi,

Mungu akupe maisha marefu na akili hiyo akuongezee. Ni kama ulikuwa umesimama nyuma ya mlango.

Nilikaa na kazi yangu ya kushona, nikajifanya natafuta sindano. Ekrani ikasema katikati. Mikono ilikuwa juu ya vola, yote miwili, imekaza mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Alibonyeza kwa kidole gumba bila kulegeza hata kidogo. Na ni kushoto, Radjabu! Kushoto kidogo, kama ulivyosema.

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Baba Sefu, ondoa mikono."

"Shofere haachii vola."

"Hii si kamyo."

"Walio nyuma hawajui kama si kamyo."

"Nyuma kuna nani? Kuna ukuta, na nguo za watu ninazoshona."

Nikaweka kitambaa chini, nikakaa karibu na magoti yake. Nikamwambia kaka yangu amegundua dawa, ni kuachia tu, wakati wa kuonyesha katikati unaweka mikono juu ya magoti na mi nabonyeza, vola inarudi yenyewe. Nikaugusa mkono wake nikitaka kuuinua kidole kwa kidole. Kaka, ulikuwa mgumu kama mti wa mlango.

Ndipo akasema. Miezi minane hajasema, ikatoka kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai.

"Niliachia mara moja."

Siku ile, walikuwa wanateremka. Hamissi alikuwa kulia kwake kama kila siku, anamenya karanga, moja anampa Chabani, moja anakula. Kioo cha upande wa Hamissi kikapasuka. Chabani akaachia vola, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Kamyo ikaacha barabara, ikapinduka. Alipozinduka hospitalini wakamwambia mwenzake amekufa kwenye ajali. Na hata karatasi ya kuzikia iliandikwa hivyo, ajali. Basi yeye anasema, kama angeshika, Hamissi angekuwa hai. Anasema watu mia tisa wanaweza kumwambia ni waliovizia, lakini aliyeachia ni yeye.

Sasa umejua. Miezi minane nalala na mtu huyu na sikujua amebeba nini. Nilifikiri ni huzuni tu, na huzuni nilikuwa naingoja iishe kama mvua.

Hataachia, Radjabu. Huwezi kutafuta dawa nyingine? Uzibe springi, ugeuze waya, chochote, mashine ipone bila yeye kuondoa mikono?

Aisha wako

*

Gitega, tarehe 6 Julai 2002

Aisha,

Barua yako ilinikuta sokoni, nikaisomea pale pale nimesimama, nikasahau nilichokwenda kununua.

Waya siwezi kugeuza. Hata kama ningeweza, nisingefanya.

Kuna jambo. Siwezi kuliandika leo. Si kwa ubaya. Ni jambo nililopewa kuliweka, na kabla ya kulitoa lazima niulize watu wawili, mmoja wa dini na mmoja wa nyumba. Usiniulize. Mwambie Chabani asirudie kalibraje tena mpaka nimwandikie yeye mwenyewe.

Mi pia nimelala na kitu miezi minane, mdogo wangu, nikidhani ni changu peke yangu.

Radjabu

*

Gitega, tarehe 19 Julai 2002

Muramu, shemeji yangu Chabani,

Salamu za Mungu zikufikie ulipokaa. Naomba usome barua hii peke yako kwanza, kisha umpe mke wako. Nimeifunga kwa gundi ya redio ili Baguma ashindwe.

Mi ndiye niliyemwosha Hamissi.

Ulikuwa hospitali, hujui. Walimleta kwao hapa Gitega amefungwa kwenye shuka, wakasema ajali, na watu walikuwa wanaogopa kuuliza. Tulikuwa wawili, mimi na mzee Kassimu aliyekuwa anamimina maji. Unajua sheria yetu. Mwoshaji akiona kitu kwa maiti anakifunika. Hata mkewe hamwambii. Nimeosha watu wengi miaka hii mibaya, Chabani, na nimefunika mengi. Lile nalo nikalifunika. Sikujua kwamba kulifunika kwangu kunakubana wewe koo.

Baada ya barua ya Aisha nilikwenda kwa shehe wetu. Nikamwuliza. Akasema, "Tunafunika aibu ya maiti, Radjabu. Jeraha alilopigwa mtu si aibu yake. Lakini nenda kwanza kwa mjane." Nikaenda kwa Fatouma. Niliongea naye ukumbini, naye anachambua mchele. Nikamweleza, yeye kwanza, kwa maana ilikuwa haki yake. Alilia kidogo, akamaliza mchele wake. Kisha akasema, "Mwambie. Na umwambie pia kwamba namngoja. Tangu mwezi wa kumi hajaja kunipa pole. Nilifikiri ananichukia."

Basi nakwambia kwa idhini yake.

Nyuma ya sikio la kulia la Hamissi kulikuwa na tundu dogo. Kidole changu cha mwisho kingeziba. Nilitoa vipande vya kioo kwenye nywele zake, na kwenye tundu lenyewe. Kioo na risasi viliingia pamoja. Kwenye mbavu na mguu alikuwa na michubuko ya kupinduka, lakini ilikuwa mikavu, haikuvimba, haikutoa damu. We hujaosha watu, mi nimeosha. Mwili unaotoa damu ni ulio hai. Kamyo ilipopinduka, Hamissi alikuwa amekwisha kwenda.

Ulisikia kioo kikipasuka, ndipo ukaachia. Chabani, ulipoachia hakukuwa tena na mtu wa kuokoa upande ule. Hata ungeshika vola kwa meno. Karanga aliyokuwa anaimenya ilikuwa bado kwenye kiganja chake. Mkono haukupata hata nafasi ya kuogopa. Tulifungua vidole taratibu tukaitoa.

Sikuandikii haya ili usilie. Lia. Lakini lia kwa ajili ya rafiki yako, usilie kwa ajili ya mikono yako.

Nisamehe kwa miezi minane. Nilidhani nalinda maiti, kumbe nilikuwa nimemsahau aliye hai.

Kuhusu mashine, fundi anasema hivi: mikono juu ya magoti, vola irudi yenyewe, mke wako abonyeze.

Shemeji yako,
Radjabu

*

Muyinga, tarehe 3 Agosti 2002

Kaka yangu Radjabu,

Amani na rehema zije kwako kama maji ya kutawadha asubuhi. Kifua? Bega? Fatouma hajambo? Mi leo nakuandikia mkono unakimbia, usijali mwandiko.

Barua yako alisoma uani, amenipa mgongo. Nilimwona anasoma, anasimama, anarudi mwanzo. Kisha aliingia chumbani akafunga mlango, na siku mbili mashine haikuwashwa. Umeme ulikuja, ukaenda bure. Mi nikashona. Nilikata mkono wa gauni la mtu upande usio wake, nikaanza upya. Sikubisha hodi. Nilimsikia analia, na mara moja nilimsikia anacheka, nikaogopa zaidi. Baadaye aliniambia alikuwa amekumbuka Hamissi alivyokuwa anauza maganda ya karanga kwa mbuzi wa watu, kwa utani, anawadai mbuzi wamlipe.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, chakula alichokula kwa mkono wake mwenyewe, akaniita. "Mama Sefu, njoo ubonyeze."

Akafungua ukurasa. Ekrani ikasema katikati. Aliangalia vola muda mrefu. Kisha akaondoa mkono wa kushoto, akauweka juu ya goti. Nikangoja. Akaondoa wa kulia. Vola ikasogea yenyewe kidogo, taratibu, kulia kidogo, mbele kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri kitandani, ikasimama. Akasema, "Kumbe hapo ndipo." Nikabonyeza.

Akazungusha pande zote, mi nikabonyeza. Katikati tena, mikono juu ya magoti, nikabonyeza. Vikanyagio navyo, aliinua miguu hewani kama mtoto anayevuka matope, nikacheka, naye akacheka.

Akarusha. Ndege ikapanda, ikapita mawingu, akainyoosha. Kisha akaachia. Mi nilifumba macho, Radjabu, sikufichi. Nilipofumbua ilikuwa inakwenda. Mabawa sawa, pua sawa, chini kuna mashamba ya kijani ya nchi ya muzungu.

Ilikuwa saa ya alasiri. Msikiti ukaadhini. Chabani akainuka, akasema, "Iangalie, lakini usiiguse." Akaenda uani, nikasikia birika la maji. Akarudi, akatandika mkeka nyuma yangu, pale kati ya cherehani na ukuta. Mi nikakaa kwenye kiti cha rubani, mikono juu ya magoti yangu, naangalia mawingu. Nyuma yangu nasikia paji la uso linagusa mkeka. Rakaa nne zote. Alichelewa kwenye sijida ya mwisho mpaka nikataka kugeuka, lakini aliniambia niangalie mbele, nikaangalia mbele.

Alipotoa salamu, kulia na kushoto, ndege ilikuwa bado angani.

Sasa anataka kuja Gitega kwa Fatouma, na kwa kaburi. Haji na kamyo, bado. Atapanda gari moja na Baguma, atakaa nyuma kama abiria, na amesema kwenye bariyeri atamwitikia amina. Mi nitakuja naye. Lakini tunasikia njia ya Karuzi imefungwa tangu Jumatatu, wengine wanasema imefunguliwa. Hapa kila mtu ana habari yake. We uko karibu, uliza madereva wanaotoka huku.

Nijibu upesi, kaka, uniambie kama njia iko wazi.

Dada yako,
Aisha